Mikono ya Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba

Bi Mkasi ameanguka kwenye ngazi ya stoo, amevunjika nyonga. Hakupiga kelele. Alilala pale sakafuni, uso umemkauka, na mafundi walipoacha cherehani kumkimbilia akawanyooshea kidole: "Mmesimama nini? Koti litajishona lenyewe?"

Tukarudi kwenye cherehani. Mwenye kiwanda yuko chini, sisi tunashona. Mpaka mjomba wangu, ambaye ndiye mkataji wetu, alipozima kisu chake cha umeme na kusema, "Huyu mama atafia hapa huku sisi tunahesabu vifungo," ndipo yeye na dada mpiga pasi wakambeba hadi kwenye gari.

Mvua imeanza. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Sioni sababu ya kujidanganya: nimefurahi.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Hatukugusa kazi asubuhi nzima. Ufunguo wa stoo huning'inia shingoni mwa Bi Mkasi, na shingo ya Bi Mkasi iko hospitali.

Jumatano, 5 Novemba

Ufunguo umeletwa. Mpiga pasi anasema aliung'ang'ania mpaka alipochomwa sindano ya usingizi.

Alhamisi, 6 Novemba

Amekuja mwanawe wa pekee kushika kiwanda. Ametuita wote katikati ya karakana, amevaa viatu vya raba na shati ambalo hakulichomekea.

"Mimi nimelelewa na mama yuleyule aliyewalea ninyi," alisema, "kwa hiyo mnajua ninachokijua."

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli. Akasema hatamtawala mtu. Kila fundi ana kichwa, na kiwanda chenye vichwa thelathini hakiwezi kushindwa na kiwanda chenye kichwa kimoja. Kisha akaomba bisibisi, akafungua bawaba za mlango wa ofisi ya mama yake, akaubeba mgongoni, akaulaza juu ya mapipa mawili ya plastiki. "Hii ndiyo meza yetu ya mikutano. Karibuni."

Mlango ule! Tangu nilipofanywa mkaguzi nimekuwa nikisimama mbele yake nikihesabu vifungo upya kabla ya kubisha. Kuna siku Bi Mkasi alitoka humo akiwa na koti nililolipitisha, kifungo kimoja kimelegea, akalitupa miguuni pangu mbele ya watu wote: "Mkaguzi kipofu? Afadhali fundi kiwete!" Leo nimeweka kikombe changu cha chai juu ya mlango huohuo.

Jina limeshapatikana. Tunamwita Karibuni.

Jumatatu, 10 Novemba

Oda ya makoti ya shule imethibitishwa: makoti ya kijani kwa wanafunzi wa bweni, yafike kabla shule hazijafunguliwa Januari. Sare nyingine kwetu ni vitafunio, makoti ndiyo mlo. Oda hii ikitutoka, kiwanda kinafungwa. Bi Mkasi alikuwa akisema hivyo kila msimu, nami nilidhani anatutisha. Karibuni ametuonyesha hali ilivyo, waziwazi, mezani. Hakuwa anatutisha.

Ameunda kamati: ya kutandika kitambaa, ya karatasi za kukatia, ya kushona, ya kumalizia. Kila kamati iamue mambo yake na isiingiliwe. Mimi niko kwenye karatasi.

Mjomba akauliza, "Na nani atasema 'kata'?"

Mtu wa nje angecheka. Kwetu kisu hakigusi kitambaa mpaka Bi Mkasi aje. Matabaka yakishatandikwa na karatasi ikishalazwa juu, anakuja, anashika pembe, anaifunua tabaka kwa tabaka kama mtu anayepekua kitabu, kisha anasema neno moja: "Kata." Hajawahi kusema anaangalia nini. Sisi tuliona ni madaha. Mpiga pasi humwigiza vizuri sana, hata ile namna yake ya kuvuta pua. Leo alimwigiza mbele ya mwanawe, na Karibuni akacheka hadi akafuta machozi.

"Sasa mtasema wote," alisema. "Kata itakuwa ya watu wote."

Alhamisi, 13 Novemba

Paa linavuja juu ya stoo. Karibuni alivua viatu, akabeba majora ya kitambaa kichwani pamoja nasi, maji yanamtiririka shingoni. Fundi mmoja mwanawe alishikwa na homa. Karibuni alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipopata dawa.

Mpiga pasi anaimba akifanya kazi. Nimefanya kazi naye muda wote huu sikujua ana sauti.

Jumanne, 18 Novemba

Mkutano wa "semeni yote." Kila mtu aseme linalomkera, bila hasira. Nilidhani watasema juu ya paa. Wakamsema mjomba.

Mjomba ana ulimi, sikatai. Huvaa futi kamba shingoni kama nishani, anapita nyuma ya mafundi: "Mwanangu, huo ni mshono au njia ya siafu?" Watu walikuwa wameyaweka moyoni, leo yakamwagika.

"Anajifanya bosi," alisema fundi mmoja. "Bosi kaondoka, yeye kabaki kuwa kivuli chake."

"Mkataji akate kitambaa, asitukate sisi," alisema mwingine.

Mpiga pasi naye: "Mjomba, tunakupenda, ila wewe ni mwiko unaojiona sufuria."

Kicheko kikubwa. Mimi pia nilicheka, kisha nikainama. Karibuni akanyoosha mikono kama mtu anayetuliza maji. "Mjomba, umesikia, hakuna ubaya. Nanyi mjue mjomba ana uzoefu. Wote mna haki."

Wote mna haki: hiyo ndiyo dawa yake ya kila kidonda. Jana wawili waligombea dirisha, mmoja anataka lifungwe, mwingine lifunguliwe. Wote walikuwa na haki. Dirisha limebaki nusu, na wote wawili wamelowa.

Mjomba akavua futi kamba, akaikunja polepole, akaitia mfukoni. "Nimesikia," alisema. "Kuanzia leo mimi ni kisu."

Jumatano, 19 Novemba

Mjomba amesusa. Hakula nasi. Nilimwambia shikamoo, marahaba yake akaipa meza.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemsimulia mama. Yeye ni dada yake mjomba, wamelala mkeka mmoja utotoni.

"Huyo?" alisema. "Alisusa chakula siku mbili kwa sababu alipewa kijiko kidogo. Baba akasema mwacheni. Siku ya tatu alianguka."

Nikamweleza pia habari ya mlango, nikitegemea atafurahi. Aliendelea kuchambua mchele. "Ukiutoa mlango, mwanangu, hewa inaingia. Na mbuzi wanaingia."

Nimekasirika kidogo. Wazee wanapenda fimbo.

Jumanne, 25 Novemba

Kamati ya karatasi imekutana. Tumeamua kutumia karatasi zilezile za Bi Mkasi, zilizochorwa mkono mmoja tu, upande mmoja wa kifua na mmoja wa mgongo. Kuchora mpya zenye pande zote mbili kungetula siku, na karatasi inalegea kwa unyevu huu. Tukapiga kura, tukanywa chai. Uamuzi mzuri, na wa haraka.

Kamati ya kutandika ilikutana upande wa pili wa mlango huohuo. Nilisikia wanacheka.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo tumekata. Kitambaa chote cha oda kilitandikwa kwa zamu juu ya meza ile ndefu. Zamu ya kwanza ilipokuwa tayari, Karibuni alisimama juu ya kiti: "Jamani, tukate?"

"Kataaa!" Makofi, vigelegele, mpiga pasi akavuta pua kama Bi Mkasi.

Mjomba alikuwa amesimama na kisu kimezimwa. Aliangalia meza kwa muda. Nilidhani anaomba dua. Kisha akaniuliza mimi, taratibu, "Nikate, binti wa dada?"

Nikamwambia, "Si umesikia, mjomba? Watu wote wamesema."

"Haya," alisema. "Watu wote wamesema." Akawasha kisu.

Hadi jioni kitambaa chote kilikuwa vipande. Karibuni alitushika mkono mmoja mmoja. Mvua haikukatika.

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi fundi wa cherehani ya kwanza, mama mnene wa sauti ndogo, aliniita. "Dada mkaguzi, nipe furushi la mikono ya kulia. Nimepewa ya kushoto tu."

Nikampa jingine. Akalifungua. "Na hii ya kushoto."

Nikafungua la tatu mwenyewe. Kushoto. Mpiga pasi, ambaye hawezi kuacha kitu kipite, akapaza sauti: "Labda mwaka huu shule zimepokea mashoto watupu!"

Karakana nzima ikacheka, nami nikacheka huku nafungua la nne. Kisha fundi wa cherehani ya pili akafungua lake, na wa tatu, na vipande vya kifua navyo wakaviangalia. Kicheko kikafa, cherehani moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki mvua juu ya bati.

Nitaeleza kama nilivyomweleza Karibuni. Kitambaa hiki kina uso na kina mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia. Ukikitandika uso kwa uso, karatasi ya mkono mmoja inakupa mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, kama viganja vinavyokutana. Ukikitandika chote uso juu, lazima karatasi iwe na pande zote mbili. Kamati ya kutandika iliamua uso juu, kwa kuwa ni haraka na kitambaa hakijikunji. Kamati yetu iliamua karatasi ya upande mmoja, kwa kuwa ni haraka na karatasi hailegei. Kila kamati ilikuwa na akili. Wote tulikuwa na haki. Nasi tuna mikono ya kushoto ya kuvalisha jeshi, na wa kulia hakuna hata mmoja.

Sasa najua Bi Mkasi alikuwa akiangalia nini alipofunua pembe.

Karibuni alikaa juu ya furushi. Alishika mkono mmoja wa koti, akaugeuza, akaugeuza tena, kama mtu anayetumaini kwamba safari ya tatu utageuka kuwa wa kulia. Tulisubiri afoke.

"Hakuna wa kulaumiwa," alisema. "Tuketi tuzungumze."

Mungu anisamehe, nilitaka afoke. Nilitaka atupe kitu.

Jumatano, 3 Desemba

Mkutano. Wengine wanataka tushone mikono ya kulia kwa mgongo wa kitambaa, ule uliofifia. Wengine wanataka kinunuliwe kitambaa kipya kukata pande za kulia tu. Wengine wanataka tuwaombe wenye shule watuongezee muda.

Alhamisi, 4 Desemba

Mkutano.

Ijumaa, 5 Desemba

Mkutano. Kura zimelingana. Nilimwambia Karibuni mbele ya wote: "Bosi, amua wewe." Akaniangalia kama nimemtukana. "Nikiamua mimi," alisema, "nitakuwa na tofauti gani na mama?"

Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza pamoja na chai. Cherehani zimelala siku tatu. Kijana mzuri huyu, na anatuzika.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimemkuta mjomba kwetu, amekaa jikoni anakula.

"Uliona," nilimwambia.

"Niliona nini?"

"Siku ile ya kukata. Ulisimama ukaangalia meza. Umekata makoti kabla sijazaliwa, mjomba. Uliona kitambaa kiko uso juu, ukaiona na karatasi."

Akatafuna mpaka akamaliza. "Mliniambia nisijifanye bosi. Nikawa kisu. Kisu kina macho?"

"Watu thelathini, mjomba!"

"Haohao thelathini ndio waliopiga makofi. Na wewe nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu. Ungesema, 'Mjomba, wewe unaonaje?' ningesema. Nilikuwa nangoja hilo tu. Uliniambia watu wote wamesema."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Aliingia, akamnyang'anya sahani.

"Kijiko," alisema. "Mvi kichwa kizima, na bado ni kijiko."

Mjomba aliondoka bila kunawa.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimekwenda kwa Bi Mkasi pamoja na mpiga pasi, bila kumwambia Karibuni. Amewekewa kitanda sebuleni. Shingo yake, bila ule ufunguo, ni nyembamba kuliko nilivyodhani.

Nikamweleza yote. Hakushangaa, wala hakutaka kujua nani alikosea. Aliuliza jambo moja tu: "Walitandika uso juu?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Akafumba macho. Nikamwona amelala hivyo, nikapata ujasiri ambao sikuwahi kuupata mbele ya mlango wake. "Bi Mkubwa, miaka yote ile, kwa nini hukutuambia ulichokuwa unaangalia?"

Akafumbua macho, akanitazama kwa utulivu. "Ningewaambia, mngenihitaji kwa kazi gani?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja umri wake. Kisha: "Mpiga pasi, acha kunitolea macho. Niletee viatu."

Njiani mpiga pasi hakumwigiza. Alisema tu, "Shoga, tumekwenda kumwamsha nani?"

Jumatano, 10 Desemba

Ameletwa na gari, akaingizwa ndani juu ya kiti, watu wanne wamekibeba. Salamu yake: "Mlango wangu uko wapi?"

Kabla ya chai ulikuwa umerudi kwenye bawaba. Mapipa yamebaki pale katikati, hayana kazi.

Karibuni alisimama mbele ya mama yake kama mtoto aliyevunja kioo. Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. "Nenda ukanunue kitambaa cha pande za kulia," alimwambia mbele yetu. "Hilo unaliweza?"

Kisha akamtazama mjomba. "Wewe uliona." Halikuwa swali. "Weka kisu."

Mjomba akaweka kisu, akatoa futi kamba mfukoni, akaivaa shingoni, akatoka mvuani. Sikumsindikiza. Nilikuwa naangalia cherehani zikianza kulia tena, zote, kama zamani, na moyo ukanitulia. Mtu alikuwa ameamua. Nimeshangaa jinsi nilivyokuwa nimeikosa hofu ile.

Ijumaa, 12 Desemba

Kitambaa kimepatikana. Si cha mzigo uleule, wenye duka wanasema ule uliisha, ila rangi ni ileile. Kimetandikwa, pembe imefunuliwa, "Kata." Sasa kila mtu anajua anaangalia nini, na hakuna anayethubutu kuangalia pamoja naye.

Jumatatu, 15 Desemba

Tunashona.

Jumanne, 16 Desemba

Tunashona. Mpiga pasi haimbi.

Ijumaa, 19 Desemba

Kwenye meza yangu, chini ya taa, makoti ni ya kijani kimoja. Leo mchana wingu lilipasuka kidogo nikiwa na koti dirishani. Upande wa kulia ni kijani cha jani la mgomba, wa kushoto ni kijani cha chupa. Mpaka unapita katikati ya mgongo, umenyooka kama uzi. Kisha wingu likafunga, likawa koti moja tena.

Nililichukua hadi kwenye mlango. Nikasimama. Nikahesabu vifungo. Nikabisha.

"Nini?"

"Bi Mkubwa, ni rangi. Upande huu na huu…"

Alilishika, akalinyanyua kwenye taa. "Kijani. Na huku kijani. Pitisha."

"Kwenye jua lakini, Bi Mkubwa…"

"Unaona jua wewe?"

Hakukuwa na jua.

"Tumepoteza siku ngapi kwa maneno? Pitisha."

Nikapitisha. Nilipogeuka, mpiga pasi alikuwa nyuma yangu, naye ana koti mkononi, amekuja kwa jambo lilelile. Alikuwa amesikia. Akarudi kwenye pasi yake. Nikatupa macho karakana nzima, na kila niliyemtazama akainamia sindano. Wote walikuwa wameona. Mwezi uliopita watu hawa walijadili dirisha nusu siku. Karibuni alikuwa ameegemea ukuta. Aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake vya raba.

Jumanne, 23 Desemba

Mvua. Nimepitisha makoti kutwa.

Jumatatu, 29 Desemba

Mvua. Nimepitisha makoti. Nimejaribu kuyapenda.

Jumatatu, 5 Januari

Mvua imekwisha usiku. Asubuhi tuliamka kwenye anga iliyooshwa, hakuna wingu, jua la kuumiza macho.

Tumepeleka oda: Bi Mkasi mbele kwenye gari na fimbo yake, mimi na Karibuni nyuma kati ya mafurushi. Bwana ugavi wa zile shule hakutaka kuyapokea ndani, stoo yake ni finyu. Akaamuru yatandazwe uani, kwenye ukuta mweupe.

Akapita mbele ya makoti, akarudi, akasimama.

"Mama," alisema, "hili ni koti moja au ni nusu mbili?"

"Yakifuliwa yatafifia," alisema Bi Mkasi, "yatalingana."

"Wazazi hawanunui koti ili walisubiri." Hakuwa mtu mbaya, alionekana kuona haya kwa niaba yetu. "Nilipoona Desemba inakwisha na ninyi mko kimya, nilimwambia mwenye kiwanda mwingine atushonee akiba. Ameshaleta mzigo wa kwanza. Mkataji wake mpya ni hodari, sikufichi."

Karibuni akafungua mdomo. Nilidhani atasema hatimaye, yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Akasema, "Bwana ugavi ana haki yake." Akaanza kuyakunja makoti.

Kwenye gari, Bi Mkasi hakugeuza shingo. "Mkaguzi. Uliona?"

"Niliona, Bi Mkubwa."

"Na hukusema."

"Nilisema."

Tukapita shule mbili kabla hajajibu. "Hukusema kwa nguvu."

Jumatano, 7 Januari

Cherehani zimeuzwa. Walikuja wenye lori, wakazifunga kwa kamba mbili mbili. Bi Mkasi alikaa kwenye kiti chake akiwaelekeza namna ya kuzibeba, na walimtii, watu ambao hata hawamjui.

Karibuni alibeba pamoja nao. Baadaye alitukusanya, akauliza kama kuna mwenye la kusema.

"La kusema lilikwisha, kaka," alisema mpiga pasi. "Tulilisema lote wakati wa kufanya." Kisha akaenda kumkumbatia, maana hata yeye hawezi kumchukia. Mimi sikuweza hata hilo. Nilimpa mkono. Alinishukuru kwa mchango wangu.

Alhamisi, 8 Januari

Mama kanipa habari akiwa amenipa mgongo, anachochea jiko. "Mjomba wako amepata kazi. Tangu mwezi uliopita."

"Wapi?"

"Kule wanakoshona makoti."

Nikauliza kama anaelewana nao. Mama akasema bosi wa huko si mkali wala si mpole, ni mtu wa kuulizauliza tu. Kila asubuhi anapita mezani: "Mzee, leo unaonaje?" Na mjomba anamwambia.

"Kwa hiyo hasusi," nilisema.

"Asuse nini? Anarudi amechoka."

Jumatatu, 12 Januari

Shule zimefunguliwa. Nilitoka kwenda kutafuta kazi, nikaikuta barabara imejaa watoto wa bweni na masanduku yao, na kila mgongo una koti la kijani. Jua lilikuwa kali. Nikasimama kando ya lango, nikayaangalia kama nilivyozoea: bega, mshono wa kwapa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, rangi mbele, rangi nyuma.

Msichana mmoja aliweka sanduku chini kupumzika karibu nami. Nikamwinamia, nikashika ukosi wake, nikaufunua, nikapitisha kidole kwenye mshono hadi mwisho, nikamgeuza kwenye jua.

"Mama, nimechafuka?"

"Hapana, mwanangu. Simama kidogo."

Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kazini, mpaka mtoto akaona aibu na wenzake wakaanza kumwita. Halikuwepo. Nikamwachia ukosi, akainua sanduku lake, akaingia langoni.